Kasiksi ya Konseye

Kama Viateur Hakorimana angekuwa na mwandiko mbaya, pengine asingefungwa. Lakini mapadre walimfundisha kuandika, tena wakamfundisha vizuri, na tangu alipochaguliwa kuwa konseye, mjumbe wa baraza la komine, miezi michache kabla ya uhuru, hakuna karatasi iliyotoka mikononi mwake bila kupambwa. Kazi yake katika baraza ilikuwa ng'ombe. Hakuna mnyama aliyeteremshwa kutoka vilima vya Masisi kwenda kuuzwa upande wa Walikale bila karatasi iliyopigwa kashe ya Viateur, muhuri wa mpira alioubeba kwenye mfuko wa shati hata siku ya misa. Karatasi ilisema ng'ombe huyu ni wa fulani, na wanunuzi waliiamini. Basi siku alipomchukua mtamba wa jirani yake akampeleka Mpofi, upande wa Walikale, kumwuza, alijiandikia karatasi mwenyewe, na mkono ukafuata mazoea. Aliandika: mtamba, rangi ya kahawia, doa jeupe pajini, sikio la kushoto limekatwa mara mbili. Akapiga kashe. Akatia sahihi, ile yake yenye mkia mrefu.

Sasa, sikio lile kilima chao cha Kalembe kizima kililijua. Kukata sikio la kushoto mara mbili ilikuwa alama ya marehemu mume wa Dancille, na mtamba mwenyewe, Bihogo, ndiye mali pekee ya miguu minne aliyoachiwa mjane huyo. Mnunuzi wa Mpofi alipofuatwa aliitoa karatasi bila wasiwasi wowote, maana alikuwa ameipenda na kuitunza. Bihogo alikutwa hai kwa bahati tu: alikuwa na mimba, na mnunuzi huyo, mchinjaji kwa kazi, aliona hasara kumchinja kabla hajazaa. Hakimu wa tribinali ya Masisi aliisoma karatasi mara mbili, akacheka kidogo, akamrudishia Dancille ng'ombe wake, kisha akampa Viateur miezi miwili gerezani.

Mtu ambaye hakucheka hata kidogo ni Adelaïde, mke wa Viateur. Dancille alikuwa mama wa ubatizo wa binti yao Anne, na kwa miaka kumi na miwili wanawake hao wawili walilima maharage pamoja, leo shamba la huyu, kesho la yule, midomo ikifanya kazi kuliko majembe. Dancille hakuja kumpigia kelele mlangoni. Afadhali angekuja. Alichofanya ni kumsalimu. Walipokutana njiani alisema, "Jambo, Mama," akainamisha kichwa kwa adabu, akapita. Hiyo ni salamu ya kumpa mke wa askari aliyehamishiwa hapa juzi. Wanawake wengine wakamfuata Dancille kwa adabu ileile, na Adelaïde akajikuta analima peke yake, akizungumza na maharage.

Alichokitaka Adelaïde kilikuwa kimoja tu, na afadhali tukiseme mapema: alitaka Dancille amrudie. Kiti cha mumewe, kashe ya mumewe, heshima ya kuitwa mke wa konseye, vyote hivyo angeviacha njiani kama mzigo wa kuni zilizolowa. Lakini hakuna aliyemuuliza.

Viateur alitoka gerezani akiwa amenenepa, jambo lililowaudhi watu kupita kiasi. Jumatano iliyofuata alivaa shati safi, akatia kashe mfukoni, akaenda kuketi kwenye kiti chake cha baraza kama kawaida. Jioni alirudi akicheka, akamsimulia mkewe yaliyotokea.

Ilikuwa hivi. Wajumbe wa baraza walikuwa saba, na prezida wao alikuwa mzee Léopold, mfuga nyuki mwenye magoti mabovu. Léopold alikuwa na karatasi kutoka Masisi iliyosema waziwazi kwamba mtu aliyechaguliwa akihukumiwa kwa wizi, anapoteza kiti, na baraza ndilo linalopiga kura ya kumtoa. Wote sita walikuwa tayari kuinua mkono. Ndipo Polycarpe, sekretere wa baraza, mtu mwembamba asiyeachana na daftari lake kubwa, alipoomba ruhusa asome mstari wa chini. Mstari wa chini ulisema: hukumu iwe imekwisha. Na hukumu ya Viateur haikuwa imekwisha, kwa sababu Viateur alikuwa amekata rufani.

"Na hiyo apele itaisha lini?" Léopold aliuliza.

"Papa, faili iko Bukavu."

"Nauliza lini. Siulizi wapi."

"Papa, hata bale ba Bukavu habajue," Polycarpe alijibu, na alisema kweli. Mahakimu Wazungu walikuwa wamefunga masanduku yao wakati wa uhuru, na wapya walikuwa bado shuleni. Mafaili yalilala Bukavu yakingoja watoto wamalize masomo.

"Umesikia, Mama Anne?" Viateur alimwambia mkewe, akijipiga paja. "Kifungo nimeisha kumaliza. Apele iko kwa ajili ya kiti tu. Nikiwa na miaka mia moja nitakuwa ningali konseye!"

"Na batu batakusalimia kwa miaka mia moja?" Adelaïde aliuliza. Viateur alijitia hamnazo, akaomba maji ya kunawa.

Lakini neno lile lilimwingia. Viateur hakuwa mtu mbaya wa kutisha; alikuwa mtu wa maneno, mpenda kuchekesha, na mtu wa namna hiyo hafi kwa gereza bali kwa kukosa wasikilizaji. Alipofika penye watu, mazungumzo yalikatika. Aliposimulia kisa, watu walitazama mawingu wakasema mvua inakuja. Hata karatasi za ng'ombe hazikuombwa tena. Wachungaji walizunguka vilima viwili kwenda kwa konseye wa komine ya jirani, wakirudi wamechoka, lakini kwa Viateur hawakutia mguu. Baada ya mwezi mmoja alikuja kuketi jikoni kwa mkewe, mahali asipozoea kuketi.

"Mama Anne," alisema, "tengeneza kasiksi. Mingi. Ile ya kupatana."

Adelaïde nusura aangushe chungu kwa furaha. Kasiksi ni pombe ya ndizi, na kasiksi ya kupatana ni pombe hiyohiyo, ila ina masharti yake, na kwenye vilima vile kila mtu aliyajua. Aliyekosa huwaita watu nyumbani kwake. Anasimama mbele yao, anasema kwa kinywa chake alichokifanya, kwa jina lake, bila kukipaka asali. Kisha anatia mrija kwenye chungu, anakunywa wa kwanza, aliyekosewa anatia wake, anakunywa wa pili, wengine wanafuata. Vyungu vikishaguswa, neno limekwisha. Hakuna anayeruhusiwa kulitaja tena, si kwenye ulevi, si kwenye ugomvi, si mtoto, si mkubwa. Anayelitaja analipa mbuzi.

Siku zilizofuata Adelaïde alifanya kazi kama anayeoza binti. Alifukia ndizi shimoni ziive, akazikamua kwa majani makali hadi viganja vikachubuka, akakaanga mtama, akausaga, akauchanganya, akafunika mtumbwi wa mti kwa majani ya mgomba na kukaa karibu nao akisikiliza pombe inavyochemka yenyewe. Alikata matete ya mirija, akayasafisha moja moja. Alipeleka mwaliko kwa Dancille kupitia kwa mkatekista, kwa kuwa mwenyewe aliona haya. Jibu lilirudi: Mama Dancille atakuja kusikia.

Jumamosi asubuhi alikwenda migombani kuchukua majani, akamsikia mumewe akihutubia migomba. Viateur alikuwa amesimama wima, kofia mkononi.

"Ndugu zangu," aliiambia migomba, "kulikuwa na ngombe. Na kulikuwa na barabara ya Mpofi. Na ile mambo mbili ikakutana. Mimi kama konseye yenu nimesikia uchungu mingi sana..."

"Papa Anne," Adelaïde alisema nyuma yake, "uko nafanya nini?"

Viateur aligeuka, akaona heri kuwa mkali. "Najifunza maneno ya kesho."

"Ile si maneno ya kesho. Neno ya kesho iko moja. Niliiba."

"Shh!" Viateur alitazama huku na huku, kana kwamba Polycarpe amejificha nyuma ya mgomba na daftari lake. Akamvuta mkewe pembeni, akamweleza taratibu, kama mwalimu anavyomweleza mwanafunzi mzito. Rufani inasema hakuiba. Akisimama mbele ya wajumbe wa baraza akasema aliiba, Polycarpe atasikia, na Polycarpe akisikia ataandika, hiyo ni tabia yake hata akiwa harusini. Rufani itakufa papo hapo, na kiti kitakwenda. Ndiyo maana inabidi kusema bila kusema. "Nitasema karibu-karibu," alimalizia. "Batasikia uchungu yangu, batakunywa, batasahau. Nani anakataa pombe yako?"

"Dancille."

"Hata Dancille."

Adelaïde alihisi maji yamemfika shingoni. Aliielewa hesabu ya mumewe, tena aliiona ni hesabu ya mjinga aliyesoma. Pombe ilitaka akiri. Rufani ilitaka akane. Mumewe alitaka kupanda ng'ombe wawili kwa mpigo, na mmoja wao hakuwa wake. Lakini kilichomuuma zaidi hakikuwa hicho. Aliona jinsi Dancille atakavyotembea njia yote ile, ataketi, atasikiliza barabara ya Mpofi na mambo yaliyokutana, halafu atasimama, atasema "Asante, Mama," kwa adabu. Baada ya hapo hakutakuwa na kasiksi nyingine duniani ya kumrudisha. Adelaïde alichukua majani yake akaondoka, na njiani alilia kwa hasira, akajifuta kwa jani la mgomba ambalo halifuti kitu.

Jumapili baada ya misa alifungua sanduku lake, akachukua kitambaa kilichokuwa chini kabisa. Kilikuwa kitambaa cha kuvaa, chekundu chenye ndege wa njano, kipya bado. Viateur alikuja nacho kutoka Mpofi siku ileile ya Bihogo, na tangu askari walipokuja kumkamata mumewe hakukivaa tena. Leo alijifunga. Hakuwa na mpango wowote. Mikono yake tu ilikataa kuchagua kingine.

"Umependeza," Viateur alimwambia, akiwa amejaa furaha. "Batu baone kama nyumba ya konseye haiyaanguka."

Watu walikuja. Walikuja wengi kuliko walivyoalikwa, kama ilivyo kwa pombe yoyote. Wajumbe sita waliketi kwenye mabenchi uani, Léopold katikati, mguu mmoja umenyooshwa. Polycarpe alikuja na daftari. Dancille alifika wa mwisho, mrefu, mweusi, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri, akakataa benchi, akakataa jamvi, akasimama karibu na uzio. Adelaïde aliviweka vyungu vitatu katikati ya ua, povu limesimama juu, harufu yake ikiwafanya wazee wameze mate. Mirija aliishika mkononi.

Viateur alivua kofia. Alianza na salamu, akaendelea na mvua, akaisifu misa ya asubuhi. Akaingia kwenye ng'ombe, akaingia kwenye barabara ya Mpofi, mambo yakakutana, uchungu ukawa mwingi. Alisema vizuri, hilo lazima tumpe. Mjumbe mmoja alitikisa kichwa kwa huruma kabla ya kugundua kuwa bado hajaambiwa chochote. Kisha Viateur akanyoosha mkono kwa mkewe bila kumtazama.

"Mama Anne, leta mirija."

Adelaïde hakuleta.

"Mirija," Viateur alisema tena, sasa akimtazama.

"Mirija iko hapa," Adelaïde alisema. "Iko nangojea neno."

Léopold aliutazama mkono wa Adelaïde, akavitazama vyungu, akamtazama Viateur. Kwa mzee mwenye kiu ilikuwa safari ndefu. "Konseye," alisema, "bibi yako iko na haki. Neno haiyatoka."

"Nimesema mambo yote!"

"Umesema barabara."

Polycarpe alikuwa amekwisha kufungua daftari. Viateur aliliona, jasho likamtoka. "Funga ile kitabu, Polycarpe. Hapa si ku baraza. Hapa iko nyumba yangu."

"Naweza kufunga kitabu, Papa Viateur," Polycarpe alijibu kwa upole wa kweli. "Masikio njo siwezi kufunga."

Viateur aliigeuza kofia mkononi. Wengine wote walimtazama yeye, lakini Adelaïde alimtazama Dancille, na alimwona akipanga upya kitambaa cha kichwa, jinsi afanyavyo mtu anayetaka kuondoka.

"Miye sikukuja kunywa," Dancille alisema kwa sauti ya chini. "Nilikuja kusikia. Nimesikia. Asante, Mama." Akageuka.

"Ngoja!" Adelaïde alisema, na sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Kama bwana yangu hawezi kusema yake, miye nitasema yangu. Munaona hii kitambaa? Alitoka nayo Mpofi. Konseye halipwe kitu ya kununua kitambaa ya hivi, na mu nyumba hatukuuza hata kuku. Nilijua kuna kitu. Nilijua ile siku. Sikuuliza. Nilivaa, nikaenda nayo ku misa, nikakaa pembeni ya Dancille, yeye iko nalia ngombe yake imepotea, na katikati ya machozi akaniambia imenipendeza." Alishika pindo la kitambaa. "Nilivaa Bihogo ku mugongo yangu na nikasema asante. Ile njo yangu. Niandike, Polycarpe, ao usiandike. Miye pia niko mu ile wizi."

Dancille alikuwa amesimama palepale alipogeukia, mgongo wake kwa watu.

Kilichompata Viateur wakati huo hakuna aliyekitegemea, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza. Alikuwa amejiandaa kwa daftari la Polycarpe, kwa wajumbe, kwa Dancille, kwa mahakimu wa Bukavu siku watakapomaliza shule. Hakujiandaa kumsikia mkewe akiitwa mwizi uani kwake, tena akijiita mwenyewe, na yeye amesimama kando na kofia mkononi.

"Nyamaza, Mama Anne," alisema. Sauti haikuwa ile ya kuhutubia. "Kitambaa haikuiba. Weye haukuiba. Miye njo niliiba. Miye Viateur Hakorimana. Nilifungua zizi ya Mama Dancille na mukono yangu, nikaandika karatasi na mukono yangu, nikauzisha Bihogo Mpofi, na nilijua ni ya mujane, na nilijua ni mama ya ubatizo ya mutoto yangu." Akamnyooshea mkewe mkono. "Imetoka. Leta mirija."

Adelaïde aliisogeza mirija mbele, macho yamemjaa machozi na mguu mmoja umeshaanza kutembea, na hapo mzee Léopold akasimama kwa magoti yake mabovu, akapiga kelele ambayo hawakujua kwamba angali nayo.

"Mutu asiguse pombe!"

Léopold alieleza haraka, akinyoosha fimbo kwenye vyungu. Wakishakunywa, neno limekwisha na hakuna atakayeweza kulitaja. Hakuna atakayelitaja, basi hakuna atakayepiga kura juu yake. Hakuna atakayepiga kura, basi Viateur ni konseye mpaka Kristo arudi. "Baraza inakaa sasa hivi," alisema. "Hapa. Mbele ya povu kuanguka."

"Papa, sheria inaomba kikao itangazwe siku tatu," Polycarpe alisema.

"Siku tatu hii pombe itakuwa siki!"

Polycarpe alipekua karatasi kwa kidole kilicholowa jasho. Akapata. Wajumbe wote saba wakiwapo na wote saba wakikubali, siku tatu hazihitajiki. Macho yote yakamwelekea mjumbe wa saba.

"Kikao nakubali," Viateur alisema, baada ya kufikiri kidogo. "Miye pia niko na kiu."

Hakijawahi kuwapo kikao kifupi kama kile katika komine ile, na wanaokumbuka vikao vya kawaida wangetamani vyungu viwekwe kila Jumatano. Kwanza ilibidi rufani iondolewe. Polycarpe alianza kuandika, Viateur akachungulia begani kwake, akashindwa kuvumilia, akamnyang'anya kalamu. Aliandika mwenyewe kwamba ameacha rufani yake, kwa herufi zilizolala upande mmoja kama nyasi za mlimani, akatia sahihi na mkia wake. Kisha Léopold akauliza nani anakubali konseye Viateur Hakorimana, aliyehukumiwa kwa wizi na hukumu imekwisha, atoke kwenye kiti. Mikono sita iliinuka kwa kasi ya watu wenye kiu.

"Nani anakataa?"

Mkono mmoja uliinuka. Ulikuwa wa Viateur.

"Lakini umesema mwenyewe uliiba!" Polycarpe alishangaa.

"Kuiba niliiba. Kura iko yangu. Batu ba hii kilima balinipa, na naitumia mara ya mwisho vile napenda."

Kicheko kilianzia kwa Léopold, kikaenea benchi zima, na Viateur, mara ya kwanza tangu atoke gerezani, aliwasikia watu wakicheka kwa ajili yake. Alisimama akikipokea kicheko kile kwa kiu. Halafu akatoa kashe mfukoni. Aliigeuza mara moja mkononi, akaiweka kwenye kiganja cha Léopold, na uso ukamshuka kidogo. Mfuko wa shati ulibaki na doa la wino la mviringo. Sita kwa mmoja, Polycarpe aliandika. Konseye ametoka.

Ndipo Adelaïde alipogawa mirija. Viateur alipiga magoti mbele ya chungu, akanywa wa kwanza, kwa muda mrefu. Akaondoka, akampisha Dancille. Dancille aliuacha uzio. Alitembea polepole mpaka katikati ya ua, akapokea mrija kwa mikono miwili, akainama, akanywa. Wazee wakapiga makofi matatu kama inavyopasa, wakavamia vyungu.

Neno la Bihogo lilikuwa limekwisha, na ua ukafunguka. Watu walikunywa, wakasimulia, na Viateur akapata pembe ya benchi na wasikilizaji wanne. Polycarpe, akiwa na povu kwenye sharubu, aliinua kalamu akauliza, "Papa Léopold, ku ripoti ya Masisi niandike kama tumemutoa sababu ya ngombe ya...?"

"Mbuzi!" watu ishirini walipiga kelele kwa pamoja. "Polycarpe analipa mbuzi!" Maskini sekretere alifunga mdomo kwa daftari, lakini alikuwa amechelewa, na mabenchi yakaanza kujadili mbuzi mwenyewe ataliwa Jumapili gani.

Adelaïde alikuwa ameketi jamvini karibu na chungu cha tatu, hajanywa. Alijua mambo yalivyo. Masharti yalimtaka Dancille anywe, na Dancille amekunywa. Yalimtaka asiitaje tena ile habari, na hataitaja. Hakuna sharti lililomtaka ampende mtu. Angeweza kuondoka sasa hivi bila kosa lolote, na kesho njiani angesema "Jambo, Mama," mpaka uzee. Adelaïde alijiambia kwamba hata hivyo amefanya lililowezekana. Maneno hayo hayakumtuliza hata kidogo.

Kivuli kikamwangukia. Dancille alikuwa amesimama juu yake, mrija bado mkononi, uso umekunjamana.

"Hii mutama," Dancille alisema, "uliikaanga namna gani? Imeungua. Na umetia nyingi. Nani anatia mutama hivi mu kasiksi?"

Mtu mwenye kinyongo angesifu. Angesema pombe ni nzuri sana, Mama, asante sana, Mama, akaaga. Adelaïde alimtazama, akaogopa kwamba atalia mbele ya wazee.

"Nilikuwa peke yangu," alisema. "Hakuna mutu ya kuniambia inatosha."

"Inaonekana," Dancille alisema. "Basi sogea."

Adelaïde akasogea, na Dancille akaketi kwenye jamvi kwa kishindo, akautia mrija wake chunguni, akamshikia Adelaïde wa kwake anywe.